Chenso ni Matunzo, si Kununua tu



Mwaka huu tunachangia chenso ya kijiji, ya kukata miti iliyoelemea nyumba na kupata kuni. Sisi tunaoshika hesabu za chama tunasema wazi: bei ya mashine ni mwanzo tu.

Petroli lita 5 huchanganywa na oili mililita 100, yaani 50 kwa 1, isipokuwa kitabu cha mashine kiseme vinginevyo. Petroli tupu huua injini. Oili ya mnyororo ni nyingine. Ijazwe kila mnapojaza petroli.

Mnyororo mkali hutoa vipande. Ukitoa vumbi, umekuwa butu: zimeni, noeni kwa tupa ya mviringo. Anayekandamiza mnyororo butu huchoka, na mashine humrukia.

Milimani kwetu gogo huporomoka. Anayelikata asimame upande wa juu, na chini pasiwe na mtu.

Kuni za mgrivea na miwati zipasuliwe zikiwa mbichi, zipangwe juani. Zikikauka, akina mama hawatalia moshi.

Msitu wa Shagayu ni hifadhi. Chenso yetu ni ya miti ya mashambani, tena kwa kibali.

Kwa hiyo tunaomba mchango wa mashine pamoja na tupa, oili, kofia, miwani, buti na mafunzo ya vijana. Tukinunua mashine peke yake, mwakani tutachangia nyingine, au tutachangia matibabu.