Machozi ya Adili



Wengi wetu utotoni tulisoma Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Tulistaajabia majini, na mji ambao watu wake waligeuka mawe. Lakini lililotukaa moyoni ni hili: Adili alitupwa baharini na ndugu zake kwa husuda, nao wakageuzwa manyani, naye akaamriwa na jini awapige kila usiku. Aliwapiga huku akilia, kisha akawalisha.

Tulipokuwa watoto tuliyaelewa machozi yale. Je, leo twayaelewa? Wapo miongoni mwetu ambao, kwa ajili ya shamba la urithi, hawasemezani na ndugu wa tumbo moja mwaka wa kumi sasa. Hakuna jini aliyewaamuru. Mjeledi wameushika kwa hiari, na macho yao ni makavu.

Manyani wale walirudishiwa utu wao kwa maombezi ya mfalme. Sisi tunaye Mfalme aliyekwisha kutuombea msalabani. Basi leo, kabla jua halijatua, twende tukabishe hodi kwa ndugu zetu. Amina.