Nilikuja Duniani Kufanya Nini?

Masomo: Isaya 49:1-6, Waefeso 2:8-10

Popote ulipo asubuhi hii, ikiwa u jikoni, au u kitandani kwa ugonjwa, au wajitayarisha kwenda kazini, karibu tuketi pamoja kwa dakika chache tulitafakari Neno la Mungu.

Siku moja nilikwenda kumtembelea mzee mmoja wa ushirika wetu, ambaye alikuwa amestaafu kazi. Nilimkuta ameketi chini ya mti, redio iko kando yake lakini ameizima. Baada ya kuamkiana alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mchungaji, mwanangu, nataka kukuuliza neno. Watu wa rika langu wamejenga nyumba za mawe. Wengine wana watoto wenye vyeo. Mimi nilifanya kazi miaka thelathini, na leo pale kazini hapana hata mmoja anayelikumbuka jina langu. Mama watoto amekufa. Watoto wako mbali. Sasa niambie, nilikuja duniani kufanya nini?"

Nilimjibu kama wengi wetu tujibuvyo. Nilisema, "Vumilia, Baba, Mungu yupo." Nikaomba, nikaaga, nikashika njia. Lakini njiani moyo wangu ulinichoma, maana nilijua kwamba sikumjibu. Mtu ameniuliza swali kubwa, nami nimempa neno la kuagana.

Ndugu yangu, swali hili si la wazee peke yao. Kijana aliyemaliza masomo naye hujiuliza, anapozunguka na vyeti vyake kutoka mlango hata mlango asipate kazi. Mama hujiuliza, anapofua, anapika na kulima, na kesho kazi ni zile zile. Hata tajiri hujiuliza usiku, akiisha kufunga milango yake.

Juma lile nilikumbuka habari za Rabai, kule milimani karibu na Mombasa. Nyingi katika hizo mmekwisha kuzisikia. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, akiwa ametumwa na chama cha CMS cha Uingereza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, na wote wawili wakahamia Rabai. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya ugonjwa. Rebmann akabaki.

Huyu Rebmann ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Alipoandika habari hiyo, baadhi ya wataalamu wa Ulaya walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Lakini hilo lilikuwa dogo. Mkewe Emma alifariki mwaka 1866. Macho yake mwenyewe yakaanza kufifia. Watu waliomwamini Kristo kwa mahubiri yake walikuwa wachache mno. Hata hivyo alikaa miaka 29, akifundisha na kukusanya maneno ya lugha za watu. Mwaka 1875 alirudi kwao Ujerumani akiwa kipofu, na mwaka uliofuata akafa. Kamusi yake ya lugha ya Kinyanja ilichapishwa mwaka 1877, naye hayupo tena kuipapasa kwa mikono yake.

Tukimpima mtu huyu kwa kipimo cha dunia, tutasema alipoteza maisha yake. Lakini mwaka 1885, miaka tisa baada ya kifo chake, Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Jones, Mwafrika aliyekuwa ameokolewa katika utumwa, alifanya kazi ya Bwana Rabai pale pale. Mmoja alipanda, mwingine akatia maji, na Mungu akakuza.

Basi nilirudi kwa yule mzee nikamsimulia habari hizi. Alisikiliza kwa makini. Nilipomaliza alitikisa kichwa akasema, "Mchungaji, huyo alikuwa mmisionari. Aliacha kamusi. Mimi sina kamusi. Je, huko Rabai hakukuwa na mtu kama mimi?"

Nikamwambia, "Alikuwapo, Baba. Mtu wa kwanza wa Rabai kubatizwa aliitwa Mringe. Alikuwa mtu aliyelemaa mwili, na hakukaa sana duniani baada ya kubatizwa."

Mzee akauliza, "Naye alifanya kazi gani?"

Nikasema, "Baba, siijui kazi aliyoifanya. Najua kwamba alisikia habari za Yesu, akaamini."

Mzee akainama, akanyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani nimemhuzunisha. Halafu akasema polepole, "Kumbe na mimi naweza kuanza leo."

Wasikilizaji wapenzi, mimi nilikwenda kumfundisha mzee, lakini yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi nilikuwa nikitafuta matunda ya kumwonyesha, yeye akauona mzizi. Mtume Paulo anawaeleza Waefeso jambo hili kwa utaratibu wake. Kwanza anasema tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo yetu. Kisha anasema sisi ni kazi ya mikono ya Mungu, tulioumbwa katika Kristo ili tutende mema ambayo Mungu alikwisha kututengenezea. Angalia vizuri neno linalotangulia. Hatutendi mema ili tupate thamani mbele za Mungu. Tumepewa thamani kwa damu ya Mwanawe, ndipo tunapewa kazi. Mringe hakuwa na miaka 29 ya kutoa. Alikuwa na moyo wake tu, akautoa. Bwana aliyempokea Rebmann ndiye aliyempokea Mringe.

Na yule Mtumishi wa Bwana katika Isaya 49 anasema wazi kwamba anaona amejitaabisha bure na nguvu zake zimekwisha bila faida. Lakini hapo hapo anaongeza kwamba haki yake iko kwa Bwana, na malipo yake yako kwa Mungu wake. Basi usione aibu, ndugu, ukiona umejitaabisha bure. Lipeleke neno hilo kwa Mungu, usilipeleke kwa jirani. Tusilipime shamba letu kwa kamba ya jirani, kwa maana mwenye shamba ni mmoja, naye anajua alimpa nani udongo wa namna gani.

Utauliza, nianze wapi? Anza pale ulipo. Asubuhi hii, kabla hujatoka nyumbani, mwambie Bwana, "Mimi ni wako, nionyeshe mtu mmoja wa kumtendea mema leo." Huenda ni mjane wa nyumba ya pili. Huenda ni mtoto asiyejua kusoma. Huenda ni ndugu mliyekosana naye tangu mgawanye shamba la baba yenu. Kazi hiyo si ndogo kwa kuwa haitatangazwa.

Yule mzee hajajenga nyumba ya mawe hata sasa. Watoto wake wangali mbali, na siku nyingine huzuni humrudia, haniifichi. Lakini kila Jumatano utamkuta njiani na fimbo yake na Biblia yake, akienda kwa mgonjwa mmoja ambaye hawezi kutoka kitandani. Humsomea sura moja, huomba naye, halafu hukaa wakaongea habari za zamani. Nilipomwuliza kwa nini amemchagua yule, alisema, "Sikumchagua. Yuko karibu, na miguu yangu inafika."

Rafiki yangu, miguu yako inafika wapi?

Na tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, wewe ulitujua kabla hatujazaliwa. Utusamehe kwa kuwa tumeyapima maisha yetu kwa macho ya watu. Umfariji asubuhi hii kila aonaye kwamba amefanya kazi bure. Utufundishe kuamini kwanza, kisha kutenda, na matunda kukuachia wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.