Sikio Kwanza: Kufundisha Utangazaji na Video katika Shule za Kisii na Nyamira



Muhula uliopita wanafunzi wangu walimwendea mzee mmoja mpiga obokano, ile ala yetu kubwa ya nyuzi nane, wakamrekodi video ya dakika sita. Picha ilitoka safi: vidole, nyuzi, hata vumbi kwenye ngozi ya ala. Tulipoketi kuitazama, obokano yenyewe haikuwapo. Kulisikika mlio mwembamba kama wa nzi ndani ya chupa, kisha mvua ya saa tisa ikaangukia mabati, na mzee akapotelea humo. Kosa lilikuwa langu. Kwa wiki tatu niliwafundisha kushika kamera. Kusikiliza sikuwafundisha hata siku moja.

Kwa hiyo sifichi upande niliosimama: somo la utangazaji na video lianzie kwenye sauti. Picha ikitikisika mtazamaji huvumilia. Sauti ikikwaruza, anabadilisha stesheni.

Simu imeundwa kwa ajili ya mazungumzo. Mvumo mzito usiokatika, ambao ndio uhai wa obokano, simu huuhesabu kuwa kelele na kuupunguza. Kama simu ina mahali pa kuzima uchujaji huo, uzimwe. Kama kuna maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, isogezwe karibu na ala. Na kazi ifanywe asubuhi, maana mvua ya alasiri ya hapa haihitaji kutabiriwa na mtu. Kwa msomaji wa habari, maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi *p* na *b* isiipige moja kwa moja. Studio? Stoo ya magodoro ya bweni inashinda maabara yoyote yenye kuta tupu. Nimeshamweka mtangazaji wa kidato cha tatu chini ya blanketi mbili, akatoka anatiririka jasho, na taarifa yake ilikuwa safi kuliko zote.

Hapa kwetu masikio yana mazoea tayari. Egesa FM ya Royal Media Services na Minto FM ya KBC, shirika la utangazaji la taifa, hutangaza kwa Ekegusii, na watoto wetu wamekua wakizisikia jikoni. Ila mpe mmoja wao taarifa iliyoandikwa kwa Ekegusii aisome, utaona anavyojikwaa. Lugha hii ina irabu saba, nasi tunaiandika kwa herufi tano za irabu. Msomaji asipoyajua maneno kwa sikio, jicho peke yake litampoteza. Ndiyo maana shuleni kwetu habari za gwaride la asubuhi, dakika mbili tu, husomwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Ekegusii kwa zamu. Bei ya ndizi katika soko la Daraja Mbili ni habari. Majani chai yaliyolala kwenye kituo cha kununulia yakingoja lori ni habari pia, na wazazi wengi wa Nyamira wataisikiliza kabla ya hotuba yoyote.

Zoezi ninalolipenda zaidi halina maneno. Wanafunzi hutumwa Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti zetu mbili unaupitia, wanarudi na dakika moja ya sauti za soko. Wenzao hufumba macho na kutaja wanachokisikia: panga likikata muwa, kondakta akiita abiria, debe la maharagwe likimiminwa. Anayeweza kuipanga dakika hiyo imwelee msikilizaji ndiye nitakayemkabidhi kamera.

Tukumbuke pia Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Masomo ya KICD, taasisi ya mitaala, yalipitia redio za KBC na runinga. Nyumba isiyo na runinga ilibaki na redio ya betri, na mwalimu wa redioni hakuwa na ubao wa kumwokoa, ila sauti yake tu.

Sasa mtaala wa umilisi umetufungulia mlango, ingawa umeuweka mahali pa ajabu kidogo. Gredi ya 10 ya kwanza ilianza sekondari pevu Januari 2026, yenye mikondo mitatu. Teknolojia ya media iko upande wa sayansi na uhandisi. Maigizo na filamu viko upande wa sanaa na michezo. Kwenye kituo cha utangazaji, fundi wa mitambo na mtunzi wa kipindi hufanya kazi bega kwa bega, shuleni tumewatenganisha. Mpaka hilo lirekebishwe, chama cha filamu ndicho kitakachowakutanisha, na Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu litawapa sababu ya kukutana.

Jambo la sheria nalitaja kwa ufupi: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Sura yake na sauti yake ni miongoni mwa taarifa hizo. Fomu zisainiwe kabla ya kurekodi.

Limebaki ombi moja kwa wakuu wa shule. Simu zimepigwa marufuku mabwenini, na siombi marufuku hiyo iondolewe. Naomba simu moja ya shule, isiyo na laini, ikae kabatini kwa mwalimu mlezi pamoja na daftari. Letu lina safu nne: tarehe, jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha. Nimeleta nakala thelathini za ukurasa wake. Ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango.