Mtoto Akisomea Biolojia, Kijiji Kinapata Nini?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kakuyuni)



Leo tuna jambo linalotutia mabishanoni kila matokeo ya KCSE yanapotoka. Mtoto amepata nafasi chuo kikuu kusomea biolojia na utunzaji wa mazingira. Wazazi wanaleta barua kikundini, wanaomba mchango. Hapo mzee mmoja anauliza, "Jamani, tuuze mbuzi ili mtu akahesabu ndege msituni? Angesomea udaktari, sawa." Swali hilo tusilicheke. Pesa ni za kikundi, na njaa iko.

Basi tutazame hapa jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wengi waliouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke walitaka ukatwe, wapate mashamba. Hatuwalaumu. Nyani na ndovu walikula mahindi yao, na msitu haukuwaletea senti. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo pale Gede, ukiongozwa na mwanabiolojia, Dakta Ian Gordon. Ilibidi kwanza ijulikane kipepeo yupi anataga kwenye mmea gani, kiwavi wake anakula majani yapi, na wangapi wachukuliwe bila kuwamaliza. Ndipo mkulima akaweza kufuga viwavi nyumbani na kuuza vipepeo wangali ndani ya ganda, wakapelekwa kwenye maonyesho Ulaya na Marekani. Msitu ukisimama, majani yapo. Msitu ukiisha, na biashara imekwisha. Elimu hiyo ndiyo tunayoombwa kuichangia.

Lakini tusidanganyane. Digrii peke yake si kazi. Wako vijana wenye vyeti wanaokaa tu nyumbani. Gunia la makaa linaleta pesa leo, masomo yanachukua miaka minne. Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Mtoto aliyepata C+ na zaidi aombe kwanza mkopo wa HELB, na basari ya kaunti na ya NG-CDF. Kikundi kijazie palipopungua, kama nauli na chakula.

2. Si lazima aende Nairobi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kilipata hati yake mwaka 2013, na kinafundisha sayansi za viumbe na mazingira.

3. Tuafikiane naye mapema. Kila likizo arudi na jambo moja la kutufundisha: kitalu cha miti ya kienyeji, ufugaji wa nyuki, au kulinda udongo wa shamba. Tusingoje avae joho ndipo tumwone.

Mganga wa mitishamba akikosa mizizi, na mama akikosa kuni, hapo kila mtu atatafuta mtaalamu. Afadhali awe wetu, anayezijua njia za huku.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Ni miti gani tuliyoikuta utotoni na sasa haipo?
- Tukichanga, tunamchangia msichana sawa na mvulana?
- Kijana wetu akirudi na ujuzi, tutampa kipande cha shamba ajaribu?