MAJI MEUPE KIFUANI MWA MTOTO: SI MAKOSA YA MAMA

(Mazungumzo na wazazi na wahudumu wa afya ya jamii, Kayole)



Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ulio nadra, lakini ukitokea nyumba hujaa lawama. Mtoto mchanga anahema mbio. Hospitalini anatolewa maji kifuani, nayo ni meupe kama maziwa. Mara mashangazi wanasema, "Maziwa yameingia mapafuni, huyu mama hajui kunyonyesha!" Jamani, sivyo.

Mbali na mishipa ya damu, mwilini kuna mishipa myembamba ya limfu. Kazi yake moja ni kuchukua mafuta ya chakula kutoka matumboni na kuyapitisha kifuani hadi kwenye damu. Watoto wachache huzaliwa na kasoro katika mishipa hiyo, ikavuja. Madaktari huita kailothoraksi. Kabla mtoto hajanyonya, maji hayo huwa ya manjano. Akishanyonya, mafuta huyageuza meupe. Ndiyo sababu watu husingizia maziwa.

Matibabu yapo. Kwanza, maji hutolewa kwa mrija ili mtoto apumue. Pili, kwa majuma kadhaa hupewa maziwa maalum ambayo mafuta yake huingia moja kwa moja kwenye damu bila kupitia limfu, ili palipovuja papate kupona. Wengine hulishwa kupitia mshipa wa damu au huongezewa dawa, wachache hupasuliwa. Maji yanayotoka huondoka na protini na kinga ya mwili, kwa hivyo anayemshika mtoto anawe mikono kwanza.

Mama naye asiache maziwa yakauke. Aendelee kukamua mchana na usiku, kwa maana mtoto akipata nafuu atarudishwa titini, daktari akiangalia. Kukamua si jambo geni kwetu: benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilifunguliwa Pumwani mwaka 2019. Maziwa ya ng'ombe na uji, hapana.

Shikeni dalili hizi: pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kuingia ndani anapovuta pumzi, midomo kuwa ya buluu, kushindwa kunyonya. Usingoje kupambazuke. Kimbia hospitali iliyo karibu, kama Mama Lucy Kibaki; ikihitajika watawatuma Kenyatta.

Na sisi majirani, badala ya maneno, tuchange nauli na tuwapikie watoto waliobaki nyumbani. Wewe baba, simama na mama wa mtoto wako.