Mtoto Akatavyo Mboga



Twasema leo juu ya jambo la jikoni, ambalo twaliona kuwa la chama pia, kwa kuwa afya ya watoto ndiyo akiba yetu. Mtoto atimizapo miezi 6, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena. Huku akiendelea kunyonya, hupewa mchicha au boga lililopondwa, naye hutema. Hapo husemwa, “Amekataa, mpeni uji,” na mboga huachwa siku ile ile.

Twaona si vema. Mtoto hutema kilicho kigeni kwake. Pengine atahitaji kuonjeshwa mara 10 au zaidi ndipo akubali. Apewe kijiko kimoja angali na njaa, kabla ya uji. Asizibwe pua wala kulazimishwa, maana aliyelazimishwa huogopa hata bakuli. Mboga ilainike, itiwe mafuta kidogo pasipo chumvi. Mafuta huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo, ambayo mtoto akiikosa sana aweza kupofuka.

Basi wazee, mkimwona mama akijaribu mara ya 7, msimcheke, mtieni moyo.