SOMO LA LEO: KAMERA NDOGO NA KAMERA KUBWA

Shikeni kalamu zenu, tuanze somo.

Tuseme kijana wa Magomeni huishi kwa kupiga picha za arusi. Kamera yake ni ndogo, yaingia mfukoni. Bibi arusi akisimama, picha yatoka safi. Lakini watu wakianza kucheza ngoma, picha zatoka na ukungu. Mwenye arusi hataki kulipa, na arusi hairudiwi kesho. Kijana anayo akiba, lakini ni kodi ya chumba. Je, anunue kamera kubwa?

Kwanza tufanye hesabu. Ndani ya kamera mna kilango cha kuingiza mwanga. Hufunguka kitambo kidogo, kisha hufungwa. Sasa simameni Magomeni Mapipa, mtazame basi la mwendokasi. Mabasi hayo yalianza kazi mwaka 2016. Basi likienda kilometa 36 kwa saa, hupita meta 10 kila sekunde. Kilango kikiwa wazi kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, basi limekwisha sogea sentimeta 20. Huo ndio ukungu. Kikiwa wazi kwa sehemu moja ya 1000, limesogea sentimeta moja tu.

Lakini kilango cha haraka huingiza mwanga mchache. Kamera kubwa ina lenzi pana na kipokezi kipana cha mwanga, kwa hiyo hata jioni huweza kupiga haraka. Tena hulenga upesi. Ubaya wake ni uzito na bei.

Mohamed Amin, mpiga picha mashuhuri, alianza utotoni na Box Brownie, kamera rahisi ya sanduku. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix hapa Dar es Salaam.

Basi, kijana asile kodi yake. Mchana, mwanga ukiwa mwingi, kamera ndogo yatosha. Kwa kuwa nyingi huchelewa kidogo, abonyeze kitufe nusu mapema, akilenga mahali mchezaji atakapofika. Mchezaji akiruka, amalizie kubonyeza anapokuwa juu kabisa, maana hapo hutulia kidogo. Kwa arusi za usiku, akodi kamera kubwa siku hiyo, na ya kwake ainunue kwa faida. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali:
1. Basi letu litasogea sentimeta ngapi katika sehemu moja ya 500 ya sekunde?
2. Kwa nini ngoma ya usiku ni ngumu kupigwa picha kuliko ya mchana?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.